Pahali pa Kumlaza Maweu

Marehemu jirani yangu Maweu alikuwa mtu mchoshi. Nalisema hili nikijua kwamba marehemu hasemwi vibaya, lakini mimi nilikuwa mtani wake kwa miaka ishirini na sita, na mtani ana ruhusa ambayo hata shehe na mchungaji hawana. Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yangu mbaya. Mke wangu Mapenzi alikuwa akifungua dirisha asubuhi, akiangalia shamba la jirani kule chini, kisha akiniambia mimi niliye bado kitandani, "Maweu yuko shambani tangu alfajiri." Hakuongeza neno. Mwanamke akitaka kukumaliza hahitaji kisu.

Mashamba yetu yanapakana hapa Mkongani, langu juu ya mteremko na lake chini. Mimi ni Mduruma wa upande wa Kinango. Nilihamia huku na ng'ombe wangu nikikimbia ukame. Yeye alikuwa Mkamba wa Makueni, aliyekuja mwaka wa sabini na mbili akiwa na mke, mtoto wa mgongoni na jembe, na nikimjua nilivyomjua, naamini jembe ndilo aliloliangalia zaidi njiani. Babu zetu na babu zao walikuwa wakiibiana ng'ombe, na watu wakiibiana vya kutosha mwishowe huwa watani. Siku ya kwanza alipokuja kunisalimia nilimwuliza kama amekuja kuchagua wa kuiba. Alilitazama zizi langu kwa makini, akasema, "Hawa ni wembamba sana, mtani. Nitarudi wakinenepa." Basi utani wetu ukafungwa papo hapo, na haukufunguliwa tena.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kutunza bustani ya hoteli moja kule Diani. Jumatatu alfajiri aliondoka kwa baiskeli, Ijumaa jioni alirudi. Kutoka Kombani hadi Kwale aliisukuma, kwa sababu mlima ule haupandwi na mtu mwenye akili zake akiwa juu ya tandiko. Wengine waliofanya kazi Diani walirudi na redio, miwani ya jua na maneno matatu ya Kijerumani. Maweu alirudi na miche. Alileta michungwa, alileta mipapai, na mara moja alimletea mkewe Ndulu maua ya kupanda mlangoni. Ndulu aliyatazama yale maua akauliza yanapikwa na nini. Maweu akayapanda vivyo hivyo, akayamwagilia mwenyewe, na leo hii yamefunika ukuta mzima.

Jumamosi mchana, akitoka shambani, alikuwa akiwasuka binti zake. Mara ya kwanza nilipomkuta ameketi juu ya kigoda, kichwa cha Cynthia kati ya magoti yake, chanuo mdomoni, nilicheka hadi nikaushika ukuta. Nikamwambia Mduruma akionekana hivyo anafukuzwa kwenye ukoo. Alilitoa lile chanuo mdomoni polepole. "Mama yao anao wiki nzima," akasema. "Mimi nina Jumamosi tu. Niache nizishike hata hizi nywele." Nilirudi nyumbani nikamtafuta binti yangu nimsuke. Alinikimbia, na alikuwa na haki.

Lakini kilichotukosanisha hasa ni mitaro. Wakamba wana ugonjwa wa mitaro. Ukiwapa mteremko hawalali. Maweu alichimba mtaro ukikata shamba kutoka upande hadi upande, akaurusha udongo upande wa juu ukawa tuta, akapanda majani ya ng'ombe juu ya tuta, kisha akashuka hatua kumi na kuanza mwingine. Mtu wa kawaida hurusha udongo chini, maana udongo wenyewe unapenda kwenda chini. Yeye aliurusha juu. Nilikuwa nikisimama mpakani na bakora yangu namwuliza, "Mtani, leo unamzika nani?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Nachimba la kwako. Una haraka?"

Alianguka ndani ya mmoja wa mitaro hiyo hiyo, Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nane, hoteli ikiwa imekwisha kumrudisha nyumbani, jembe likiwa mkononi. Alipofikishwa hospitali alikuwa amekwisha kutuacha. Daktari alisema ni moyo. Sikubishana na daktari, lakini mimi nilikuwa nimemwonya Maweu kwa miaka ishirini na sita kwamba kazi itamwua, na alikufa makusudi ili nionekane mkweli siku moja.

Ijumaa mchana Ndulu alikuja kwangu. Alikaa barazani, akakataa chai, na mtu akikataa chai ya Mapenzi ujue kuna jambo.

"Shemeji Nzai," alisema, "Munee anakuja kesho na pikapu. Anakuja kumchukua."

Munee ni kaka yake Maweu, mkubwa wake kwa miaka mitano, mstaafu wa reli, anayekaa kwao Makueni. Nilimwuliza kumchukua kumpeleka wapi. Akaniambia kumpeleka kwao, akazikwe kando ya baba yao.

"Na wewe unataka azikwe wapi?"

Aliyatazama mashamba chini. "Kwetu mke habishani na kaka wa mume juu ya maiti. Nikifungua mdomo watasema nimeanza kutafuta mashamba kabla ya machozi kukauka. Lakini mimi nitabaki hapa, shemeji. Siendi popote. Nitabakije hapa naye yuko kule? Nitaamka asubuhi niende kumlimia nani?" Kisha akalisema lililomleta. "Wewe una ulimi. Miaka yote umeutumia kumsema mume wangu. Kesho utumie kumbakisha."

Nilimwambia ulimi wangu ni wa mzaha tu. Akasema yeye hajanitaka niwe na mwingine.

Kwa hiyo Jumamosi alasiri tulikuwa uani kwa Maweu, chini ya turubai la kanisa, kwenye mabenchi ya kanisa. Mwili ulikuwa bado mochari. Nje ya ua ilisimama pikapu yenye namba za bara, na jeneza ndani yake, limefunikwa kwa shuka. Jeneza lile zuri liliniudhi kuliko kama lingekuwa baya. Lilionyesha kwamba mtu aliyelileta anampenda ndugu yake, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumshinda.

Munee alisimama akiwa na koti na kofia mkononi. Alikuwa na uso wa Maweu uliopumzika. Alitushukuru sote kwa adabu, kisha akatoa mkebe wa biskuti, akaufungua. Ndani mlikuwa na barua.

"Mama yetu kabla hajafa alinishika mkono," alisema. "Akaniambia, usikubali ndugu yako alale ugenini. Nikamwambia mama usijali, anarudi. Sikumdanganya mama. Huyu ndugu yangu aliniandikia kila Krismasi kwamba anarudi. Nimemwekea shamba. Nimemjengea msingi wa nyumba. Mimi sisemi maneno yangu, nasoma yake." Akavaa miwani, akafungua ya kwanza, ya mwaka wa sabini na tatu. "'Kaka mpendwa, usiwe na wasiwasi, nitarudi nyumbani mwakani baada ya mavuno.'" Akafungua ya themanini na moja. "'Kaka mpendwa, mwaka huu haikuwezekana, lakini mwakani baada ya mavuno nitakuja bila kukosa.'" Akafungua ya tisini na nne. "'Kaka, mambo ya hapa yamekaribia kwisha. Baada ya mavuno.'"

Wa kwanza kucheka alikuwa Cynthia, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi kule Msambweni na mtu mwenye heshima zake. Aliuziba mdomo kwa leso lakini mabega yalimsaliti. Kisha Mapenzi. Kisha benchi zima la kwaya. Mchungaji aliinama akafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Munee alishusha miwani. "Mnacheka nini kwa matanga ya ndugu yangu?"

Elijah, kijana wa Maweu anayehudumia wageni hotelini kisiwani Chale, na anayezungumza kama watu wa huko, alijaribu kutuokoa. "Uncle, usifeel vibaya. Hiyo ilikuwa style ya mzee. Hata mimi baiskeli niliambiwa hivyo hivyo."

Nikaona zamu yangu imefika. Nilisimama, nikavua kofia, nikamwomba radhi. Nikamwambia jina langu ni Nzai, mimi ni mtani wa marehemu, na kwetu mtani asipomsema marehemu watu hudhani walikuwa wamegombana. Alinikazia macho. Hakunikatalia, na mimi nikalichukua hilo kuwa ruhusa.

"Mzee wangu," nilisema, "ndugu yako hakukudanganya wewe peke yako. Alitudanganya sote. Huyu mtu hakujua kusema hapana, alijua kusema baada ya mavuno. Alikuwa na jino bovu la nyuma. Mavuno matatu yalipita jino limo, uso umevimba upande mmoja, anachimba. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa vimepasuka, akavishona kwa waya. Nikamwuliza utanunua lini vingine? Mnajua alivyonijibu."

"Baada ya mavuno," lilijibu benchi la kwaya.

"Sasa sikiliza upande wa pili. Huyu Cynthia alipoitwa chuo cha ualimu, barua ilisema aje Jumatatu na sanduku la mbao lenye kufuli. Barua ilifika Jumamosi. Maweu hakusema baada ya mavuno. Alitazama huku na huku nyumbani akitafuta mbao. Hazikuwapo. Akaingia chumbani akakivunja kitanda chake. Jumatatu Cynthia alisafiri na kitanda cha baba yake kichwani. Ndulu na Maweu wakalala mkekani, na mimi nikapata la kusema mwaka mzima, kwamba Mkamba ameuza kitanda ili mke asimpige teke."

Watu walicheka, na Cynthia sasa alikuwa akicheka na kulia pamoja. Hata kona ya mdomo wa Munee ilitikisika. Nikajiona nimeshinda, nikavuta pumzi niendelee. Hapo ndipo aliponikata.

"Unasema vizuri, mzee," alisema. "Lakini mwaka jana, mwezi wa nane, ni watu gani walitupa vikaratasi hapa kuambia ndugu yangu aondoke? Mimi ndiye nilituma lori. Mwaka haujaisha vizuri, na leo mnataka nimwache kwenu."

Hakuna aliyecheka. Munee alikuwa akisema kweli. Fujo zilipoanza Likoni na kusambaa, vikaratasi vilifika hadi huku, vikiwataka watu wa bara warudi kwao, na siwezi kusema viliandikwa na majini. Waliviandika watu wanaosema lugha yangu, au jirani ya lugha yangu. Niliona aibu wakati ule na niliiona tena mbele ya yule mzee, nikamwambia hivyo. Nikamwambia sina jibu la vikaratasi. Ninalo la lori tu.

"Lori lako lilifika," nilisema. "Lilirudi na nini?"

Munee alikohoa. "Machungwa."

"Magunia mangapi?"

"Lilijaa," alisema. "Nilituma lori libebe watu, likaniletea machungwa. Tulikula hadi watoto wakakataa."

"Basi nikwambie watu walikokuwa. Walikuwa kwangu. Ndulu na mabinti walilala chumbani na Mapenzi. Maweu na Elijah niliwalaza kibandani na mbuzi. Nilimwambia mtani, hatimaye umeyapata mazizi yangu, chagua basi. Nilikaa mlangoni na upinde wa babu yangu, ambao haujui hata kumchoma panya, nikijifanya mtu hatari. Wiki tatu. Na unajua mkimbizi huyu alinifanya nini? Siku ya pili asubuhi naamka, nasikia jembe. Natoka nje. Mgeni wangu, aliyefichwa, ambaye hata kukohoa nilimwomba akohoe polepole, yuko katikati ya shamba langu anachimba mtaro. Nikamwambia, wewe, unatafutwa. Akasema, 'Siwezi kula ugali wa mtu nimekaa.' Kwa wiki tatu alichimba mitaro minne kwenye shamba langu, na mimi mwenye shamba nikimlinda nisionekane mjinga. Mapenzi hakuhitaji tena kufungua dirisha."

Nilimwona Munee ameketi. Nikaona nami nikae, maana magoti yangu si ya kuhutubu. Nilimalizia nikiwa nimeketi, kwa sauti ya kawaida.

Nilimweleza kwamba mwezi wa kumi ikaja ile mvua iliyoitwa Elnino, mvua iliyobeba madaraja na barabara. Palipokuwa na mitaro minne ya Maweu shamba langu lilibaki. Kwingine kote liliamka likaondoka. Udongo wote wa juu wa huko, ule mweusi, uliteremka ukaingia kwenye mitaro yake ukatulia humo kama uliokaribishwa. Nilisimama mpakani kwenye matope nikalia kweli kweli, kwa sababu shamba lisilo na udongo wa juu ni mwamba tu. Maweu alikuja akasimama upande wake. Hoteli zilikuwa tupu baada ya fujo, yeye alikuwa amerudishwa nyumbani bila kazi, na alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kulima udongo wa bure. Akasema, "Mtani, shamba lako limelala kwangu bila ruhusa ya mkeo. Lete toroli." Miezi miwili yeye, Ndulu na watoto walinisaidia kuurudisha udongo juu, toroli baada ya toroli. Mwingine ulikuwa umekwisha kuchanganyika na wake na hatukujua wa nani ni upi. Tuliugawa kwa macho.

"Kwa hiyo, mzee wangu," nilisema, "mimi siwezi kukuambia utamweka wapi ndugu yako. Nakuambia tu nilivyomwona."

Kuku mmoja alipita katikati ya mabenchi bila kuulizwa na mtu. Munee alimgeukia Ndulu.

"Na wewe, shemeji? Tangu nifike hujaniambia neno isipokuwa karibu."

Ndulu alikuwa ameketi chini juu ya mkeka na mabinti zake. Alikunja upindo wa leso yake mara mbili. "Nikimfuata huko nitawaacha watoto," alisema. "Nikibaki hapa nitamwacha yeye. Ningekuomba usinichagulishe, shemeji. Basi."

Munee alifunga mkebe wa barua. Akasema anataka kuliona shamba.

Nilimpeleka mimi. Alitembea mbele, mikono nyuma, kwa hatua ya mtu aliyezoea kukagua njia ya reli. Mahindi yalikuwa yamesimama vizuri. Tulishuka mtaro wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa na mizaha yangu tayari ila sikuitoa. Mwisho wa mtaro wa tano alisimama. Kila mtaro wa Maweu ulikuwa umeishia kwenye shimo dogo lililozungushiwa mawe, na ndani ya shimo mgomba mmoja. Nilikuwa nikiyaona mashimo yale miaka yote na kuyataja katika mizaha yangu kama vyoo vya sungura.

Munee aliinama akalishika jiwe moja. Alilitazama lilivyopangwa, kubwa chini, dogo juu, limeelekezwa ndani. Akaenda mtaro wa sita akaangalia mwisho wake. Akaenda wa saba.

"Baba yetu alikuwa anamalizia hivi," alisema. "Peke yake. Pale kwetu hakuna mtu mwingine alifanya hivi. Alitufundisha sisi wawili, na mimi nikaenda reli nikasahau." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Shamba la baba limekwisha, unajua? Nililikodisha. Wamelima likaisha. Hakuna mtaro hata mmoja."

Hata mtani ana siku ya kunyamaza.

Alikaa juu ya tuta, na koti lake zuri, akalia bila kujificha. Nami nikakaa. Baada ya muda alipangusa miwani. "Mwambie mchungaji jeneza litolewe kwa gari," alisema. "Tutamzika hapa."

Nilimwuliza, kwa sauti ndogo, juu ya ahadi ya mama yake.

"Mama nitaonana naye karibuni," alisema. "Nitamweleza mwenyewe."

Tulimzika Jumatatu. Kaburi lilichimbwa upande wa juu wa shamba lake, hatua chache kutoka mpaka wangu, na vijana wa pande zote mbili walipokezana majembe. Mchungaji aliomba kwa ufupi kuliko kawaida yake. Kwaya iliimba kwa Kikamba, na mimi nikaitikia vibaya kama nilivyofanya siku zote.

Kwetu, kabla marehemu hajateremshwa, mtani huingia kaburini kwanza. Hulala, hulipima, hulikosoa, na hukataa kutoka mpaka wafiwa wampe kitu, mara nyingi kuku. Niliwaeleza Wakamba wasishtuke. Mchungaji alitazama pembeni. Vijana wakaniteremsha kwa mikono, magoti yakilalamika, nikalala chali.

"Kaburi fupi," nilisema kwa sauti. "Maweu ana miguu ya korongo. Mmemwonea."

Wakacheka huko juu.

"Na kuta zimechongwa ovyo. Angekuwapo angewatoa nyote akachimba mwenyewe."

Wakacheka tena. Nikatafuta neno la tatu, maana mtani husema matatu, nikalikosa. Udongo ulikuwa baridi mgongoni. Nilikuwa nimejizoesha kuamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimtania Maweu, na nikiwa mle ndani nikaelewa kwamba hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa akinitania mimi. Nililia. Ukilia umelala chali machozi huingia masikioni, na huwezi kusikia vizuri watu wanakuambia nini.

Walidhani ni sehemu ya mzaha. Ndulu akaagiza kuku aletwe. Nikasema sitaki kuku. Akaletwa jogoo. Nikasema sitaki jogoo. Mapenzi aliita jina langu kwa ile sauti yake, na hata hiyo haikuniinua. Nilisikia watu wakianza kunong'ona, kwamba sasa mzee amezidisha.

Kisha udongo ukaporomoka kidogo upande wa miguu. Munee alikuwa ameshuka, na viatu vyake na koti lake, mzee wa miaka sitini na kitu. Alisimama juu yangu, akaninyooshea mkono. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa mkavu, uso ule ule wa nduguye akijiandaa kunijibu.

"Toka, mtani," alisema. "Hapa si kwako. Hapa ni kwa ndugu yangu."

Nikampa mkono, akanivuta.